Malaria imepungua kweli, au kilichobadilika ni daftari?

SWALI: Daktari, mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya kijiji chetu, juu kidogo ya Katumba, Rungwe. Ukutani pale zahanati kuna chati ya magonjwa kumi yanayoongoza. Miaka yote niliyoijua, malaria ilikaa juu kabisa. Siku hizi imeshuka mpaka karibu na mwisho, na juu wamekaa mafua, kikohozi na hiyo UTI. Mganga wetu mfawidhi anasema malaria imeisha. Lakini mwezi wa sita mjukuu wangu alirudi kutoka kuvuna mpunga Kyela, akaugua malaria mpaka akapelekwa hospitali hajitambui. Na redioni nimesikia malaria mkoani Mbeya imeongezeka. Nimwamini nani: chati, mganga, redio au macho yangu? Jambo la pili: stoo ya zahanati inakarabatiwa, na tumeambiwa vitabu vya zamani vya wagonjwa vichomwe tupate nafasi. Nimekataa kwanza mpaka nikuulize.

JIBU: Shikamoo mzee. Nashukuru umezuia huo moto. Hilo la vitabu nitalirudia mwishoni, kwa sababu ukishaona chati inavyotengenezwa utajua mwenyewe vile vitabu ni mali ya nani.

Kwa kifupi, mganga wenu amesema nusu ya kweli, redio nusu nyingine, na macho yako yameona sawasawa, ila walichokiona si cha kijiji chako. Malaria ya kuambukizwa hapo hapo Katumba imepungua. Lakini haijapungua kwa kiasi kinachoonekana kwenye chati, maana sehemu kubwa ya kilichoshuka pale ukutani ni matumizi ya neno lenyewe "malaria".

Mwaka 2004 nilikuwa tabibu mpya kwenye zahanati moja bonde la Usangu. Hatukuwa na hadubini wala kipimo chochote cha malaria. Tulikuwa na kipimajoto, na kilipovunjika tukabaki na kiganja cha mkono. Mwongozo ulikuwa wazi: mtoto mwenye homa, sehemu yenye malaria, mpe dawa ya malaria. Nilikuwa nikifungua kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya), kile cha wagonjwa wa nje, naandika jina, umri, kijiji, na kwenye safu ya ugonjwa naandika "malaria" kabla mama hajamaliza kueleza. Mwisho wa mwezi mimi na muuguzi tulikaa chini ya mwembe, yeye anasoma, mimi napiga tali: vijiti vinne na cha tano cha kukatiza. Safu ya malaria ilijaa mpaka tukawa tunaendelea pembeni mwa karatasi.

Usiku mmoja wa mvua aliletwa mtoto ana homa kali. Nilimpa SP, dawa ya malaria ya miaka ile, nikaandika malaria, nikawaruhusu. Alfajiri bibi yake alimrudisha, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Ilikuwa nimonia. Aliokoka kwa sababu lori la mpunga lilikuwa linaondoka kwenda mjini na dereva akakubali kumbeba. Lakini kwenye ripoti ya mwezi ule yule mtoto yumo kwenye tali za malaria, na yumo mpaka leo. Ukichora mstari wa malaria wa ukanda huu kuanzia miaka ile, na yeye umemchora.

Vipimo vya haraka, vile ambavyo wahudumu wanaviita mRDT, vilianza kuingia zahanati za Tanzania Bara mwaka 2009, mikoa kwa zamu, na kufikia mwaka 2013 vilikuwa vimesambaa nchi nzima. Katikati hapo, mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba anayeshukiwa kuwa na malaria, awe na umri wowote, apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Tone moja la damu ya kidole, matone machache ya kimiminika, subiri dakika kumi na tano mpaka ishirini. Mstari mmoja, hamna vimelea, miwili, vipo. Wakati vinafika nilikuwa nimeshahamia upande wa baridi. Siku ile ya kwanza nilivipanga vile vikasha mezani kama dhumna, nikavikodolea macho, nikahisi boksi zima limeharibika. Asubuhi nzima mstari wa pili ulijitokeza kwa mtoto mmoja tu. Wengine wote, jana yake ningewaandika malaria bila kupepesa jicho.

Sasa fanya hesabu na zahanati ya kubuni, mzee, ili tusimsingizie mtu. Kila mwezi inapokea watu 200 wenye homa. Mwaka 2008 haina kipimo, kwa hiyo inaripoti malaria 200. Mwaka 2014 ina kipimo, inapima wote 200, inakuta 20. Chati inasema malaria imeanguka kwa asilimia 90. Lakini wenye vimelea hasa mwaka 2008, kama tungewapima, labda walikuwa 60. Basi anguko la kweli ni kutoka 60 hadi 20. Si haba, ni theluthi mbili. Ila chati ilishuka kutoka 200, na zile 140 za juu hazikuwahi kuwa malaria.

Na homa zile hazikuondoka. Kwenye zahanati yetu ya kubuni bado watu 180 wana homa isiyo malaria, na lazima waandikwe kitu. Hapo ndipo wanapoingia UTI na taifodi. Wapo wenye UTI kweli, sikatai, na nimonia za watoto sasa zinatambuliwa kuliko zamani. Lakini nikikuta chati ambayo UTI imekaa kileleni kwa watoto, vijana na wazee kwa pamoja, na hakuna aliyepeleka mkojo maabara, ninachokisoma pale ni kwamba homa imenyang'anywa jina la zamani, ikapewa lililokuwa karibu. Waulize kwenye kikao: hawa wa UTI walipimwa nini?

Kuna nguvu nyingine inayovuta upande wa pili, na watu huisahau. Karibu na mwaka 2013 ripoti za MTUHA zilianza kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2 nchi nzima. Kabla ya hapo ripoti ya karatasi ilisafiri kwa basi au mfukoni mwa mtu, na nyingine hazikufika halmashauri kabisa. Wilaya ambayo vituo sita kati ya kumi vilikuwa vinaleta ripoti, vikaanza kuleta vyote kumi, itaonyesha malaria imepanda hata kama hakuna mbu mmoja aliyeongezeka. Kwa hiyo katika miaka ile ile kipimo kilikuwa kinashusha mstari na kompyuta inaupandisha. Ndiyo maana mtu akiniletea mchoro unaoanza mwaka 2005 hadi leo, mstari mmoja mnyoofu usio na alama yoyote, huwa namrudishia.

Utaniuliza, kama ripoti za zahanati zina mushkeli huo wote, nimejuaje kwamba malaria imepungua kweli? Kwa sababu ipo hesabu isiyotegemea nani amekwenda zahanati. Kila baada ya miaka michache wapimaji hupita kwenye kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu nchi nzima, wakapima damu ya watoto wa kati ya miezi 6 na 59, awe anaumwa au anacheza mpira wa makaratasi. Mwaka 2007/08 watoto 18 katika kila 100 walikutwa na vimelea. Mwaka 2011/12 wakawa 9. Mwaka 2015/16 ikapanda hadi 14, mwaka 2017 ikashuka hadi 7, na mwaka 2022 ikawa 8. Ndani ya wastani huo mna nchi mbili. Mwaka 2022 Tabora ilikuwa na asilimia 23 na Mtwara 20, wakati Iringa na Njombe kwa miaka mingi zimekuwa kwenye asilimia 1 au chini yake.

Hata hapo soma kwa jicho la mkulima. Upimaji wa 2011/12 ulifanyika Desemba hadi Mei. Wa 2017 ulifanyika Oktoba hadi Desemba, wakati kwetu huku ardhi ndiyo kwanza inapata mvua. Wa 2022 ulianza Februari ukamalizika Julai, msimu wenyewe wa malaria. Wewe huwezi kulinganisha ghala la Juni na ghala la Januari ukasema mwaka huu tumevuna zaidi. Mtu akikuambia malaria iliongezeka nchini kati ya 2017 na 2022 kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 7, muulize miezi. Kuanguka kutoka 18 hadi chini ya 10 ndiko ninakokuamini, maana ni kukubwa mno kwa miezi peke yake kukueleza.

Kilichoshusha ni mambo kadhaa yaliyokutana. Mwaka 2001 nchi iliachana na klorokwini (waliowahi kuinywa wanaukumbuka ule muwasho), ikaingia SP, na kuanzia mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa ya mseto. Kwenye vyandarua, utakumbuka hati punguzo ya wajawazito iliyoanza mwaka 2004, kisha kampeni kubwa za kugawa bure kati ya 2009 na 2011. Na mimi naongeza kitu ambacho hakina bajeti wala bango: nyumba. Bati, dari, madirisha yenye wavu. Nimepita Rungwe ya miaka ya tisini na ya leo, si nyumba zile.

Upimaji wa kaya nao una upofu wake, na ni upofu unaotuhusu sisi wa nyanda za juu. Kila mkoa hutoa watoto mia chache tu. Ugonjwa ukiwa asilimia 20, hao wanatosha. Ukiwa asilimia 1, mkoa mzima unasimama juu ya watoto watatu au wanne, na mmoja akiongezeka mkoa unaonekana umeharibika. Kadiri malaria inavyopungua ndivyo tunavyolazimika kurudi kwenye ripoti za kila siku za zahanati kama ya kwenu.

Kwa hiyo ukiniuliza ni namba gani ndani ya zahanati ninayoipenda, nitakupeleka chumba cha kliniki ya wajawazito. Tangu mwaka 2014 au hapo karibu, Tanzania Bara humpima malaria kila mjamzito kwenye hudhurio lake la kwanza, ana homa au hana. Hakuja kwa sababu anaumwa, kwa hiyo hatusubiri homa. Anatoka kila kitongoji, cha barabarani na cha bondeni. Na hakuna tabibu aliyechoka anayekisia. Muulize mganga: mwaka jana wajawazito wangapi walipimwa hudhurio la kwanza, na wangapi walikuwa na mistari miwili? Halafu miaka mitano iliyopita. Jibu hilo litakuambia habari za malaria ya kijiji kuliko ile chati nzima.

Tuje kwa redio. Mkoa wa Mbeya uliosikia ukitangazwa si ule wa ujana wetu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,707,410 mkoani Mbeya. Sensa ya 2022 ikahesabu 2,343,754. Watu hawakwenda popote. Mwaka 2016 ulizaliwa Mkoa wa Songwe, ukachukua Mbozi, Ileje, Momba na Wilaya ya Songwe, na mwaka 2022 wenyewe ulikuwa na watu 1,344,687. Ukiijumlisha mikoa hiyo miwili utapata zaidi ya milioni 3.6. Iringa iliyapitia hayo hayo mwaka 2012, Njombe ilipotoka humo ikiondoka na Makete na Ludewa zake.

Jambo hili linavuruga mchoro kwa namna mbili. Ukilinganisha idadi ya wagonjwa, Mbeya ya 2018 itaonekana imepata nafuu kubwa kuliko ya 2014 kwa sababu tu wagonjwa wa Momba wanahesabiwa kwingine. Ukigawa kwa watu elfu moja ili kukwepa mtego huo, unaingia mwingine: Mbozi yenye baridi yake imeondoka na watu wengi wasiougua sana malaria, na Kyela na Mbarali zimebaki zina uzito mkubwa zaidi ndani ya mkoa. Kiwango kwa watu elfu kinaweza kupanda bila kijiji hata kimoja kupandiwa na malaria. Dawa yake haina uchawi: chukua halmashauri moja moja, uifuate miaka yote. Rungwe uilinganishe na Rungwe, tena ukikumbuka kwamba Busokelo nayo ilitolewa humo. Anayetaka mkoa mzima aunganishe Mbeya na Songwe, Iringa na Njombe, kama zilivyokuwa.

Wastani wa mkoa, kwa maoni yangu, ni namba ya kutangazia tu. Iringa inasifiwa kila mwaka, na inastahili, lakini shuka Pawaga kwenye majaruba ya mpunga, au Ruaha Mbuyuni kule Kilolo wanakolima vitunguu, uone kama wanajitambua kwenye sifa hizo.

Mjukuu wako sasa. Hapa naomba uvumilie hesabu kidogo, maana ndiyo inayoeleza kwa nini milima yetu ilikuwa salama na kwa nini usalama huo ni mwembamba.

Mbu akimnyonya mgonjwa, hawezi kuambukiza kesho yake. Vimelea lazima vikomae tumboni mwake mpaka vifike kwenye mate, na kasi ya kukomaa inategemea joto. Chini ya nyuzi 16 hivi havikomai kabisa. Kuna kanuni ya zamani: chukua 111, gawa kwa nyuzi zilizozidi 16. Kwenye nyuzi 25, ambazo ni za kawaida Kyela, unapata siku 12. Kwenye nyuzi 20, siku 28. Kwenye nyuzi 18, siku 55. Mbu jike wengi hawafikishi mwezi, kwa hiyo kwenye nyuzi 18 wanakufa kabla vimelea havijaiva. Rungwe inapata mvua kuliko karibu sehemu yoyote ya Tanzania, madimbwi yamejaa, mbu wapo, na bado malaria ilikuwa chache. Sababu ni hiyo: kutoka ufukwe wa Nyasa, mita kama 500 juu ya bahari, kupanda hadi Tukuyu penye mita kama 1,500, unapoteza nyuzi sita hivi.

Angalia sasa nyuzi moja inavyofanya kazi. Kyela ikipata joto kutoka 25 hadi 26, siku 12 zinakuwa 11. Hakuna atakayegundua. Huko kwenu ikipanda kutoka 18 hadi 19, siku 55 zinakuwa 37. Kutoka 20 hadi 21, siku 28 zinakuwa 22, na mbu wa kuishi siku 22 wapo. Kwenye mlima nyuzi moja ina uzito ambao bondeni haina. Tena mbu halali nje kwenye baridi. Anapumzika ukutani ndani ya nyumba, na jikoni kwa kina mama kunakolala moto usiku kucha kuna joto kuliko kipimo cha hali ya hewa kinavyosema. Mwaka 1997 na 1998, mvua za El Niño zilipoleta joto na maji kwa pamoja, milima ya magharibi mwa Kenya na Kabale kule Uganda ilipata milipuko mikubwa ya malaria. Walioumia zaidi ni watu kama wa kwenu, ambao miili yao haikuwa na mazoea nayo.

Mazoea hayo ndiyo yaliyomkosa kijana wako. Mtu mzima wa Ipinda, kule Kyela, ameumwa na mbu wenye malaria tangu utoto. Anaweza kubeba vimelea na akaenda shambani na jembe lake. Kijana wa Katumba wa miaka ishirini mwili wake ni kama wa mtoto mchanga mbele ya ugonjwa huu. Analala wiki tatu kwenye kibanda cha shambani bila chandarua, mbu anamuuma usiku wa tatu au wa kumi, na vimelea vinahitaji kama wiki moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi, kabla ya homa. Anapanda Coaster akiwa mzima, anasalimia nyumba nzima, homa inampata kwenye baridi ambako kila mtu anasema malaria hakuna. Anapewa dawa za UTI siku tatu. Siku ya nne hajitambui. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa mjukuu wako, ila nimeiona njia hiyo mara nyingi mno.

Na kwenye kitabu ameandikwaje? Kituo kilichompima kimemhesabu Rungwe, kwa sababu kitabu kinauliza unakaa wapi, hakiulizi ulilala wapi. Hivyo malaria ya Kyela imeingia kwenye mstari wa Rungwe. Zanzibar, ambako vimelea ni chini ya asilimia 1, walianza mwaka 2012 kufuata mgonjwa mmoja mmoja: akipatikana, taarifa inatumwa kwa simu, mhudumu anakwenda nyumbani kwake, anauliza safari, anapima walio naye. Huko ndiko wilaya za baridi za kwetu zinakoelekea. Ukishabaki na wagonjwa kumi kwa mwezi, kila mmoja ana historia, na historia hiyo ina thamani kuliko jumla.

Dokezo moja kabla sijasahau: kijana akipimwa tena kwa mRDT wiki mbili baada ya dozi, mstari wa pili unaweza kutokea ingawa vimelea vimekufa, kwa kuwa kipimo kinanusa protini iliyobaki kwenye damu. Msimpe dozi nyingine kwa hofu. Akiwa na homa tena, damu yake iangaliwe kwa hadubini. Na mhudumu asimhesabu mara ya pili kama mgonjwa mpya.

Zahanati ndogo inaweza kujua kwamba jambo limeharibika bila kompyuta. Chukueni mwezi mmoja, tuseme Aprili, na wagonjwa waliothibitishwa kwa kipimo katika Aprili tano zilizopita. Tuseme walikuwa 3, 8, 5, 31 na 6. Zipangeni kutoka ndogo: 3, 5, 6, 8, 31. Ya nne kutoka chini ni 8. Huo ndio mpaka wenu wa Aprili. Mwaka huu mkipita 8, mganga anapiga simu wilayani siku hiyo hiyo, hasubiri ripoti ya mwezi ambayo inatakiwa halmashauri tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mkitumia wastani wa kawaida mtapata karibu 11, kwa sababu ule mwaka wa 31 ulikuwa wa mlipuko na unavuta juu. Mngelala wakati moto unawaka. Fanyeni hivyo kwa miezi yote kumi na miwili, mchore mstari wa mpaka kwa kalamu nyekundu, na kila mwezi muweke nukta ya mwaka huu. Hiyo ndiyo ningependa kuiona ukutani badala ya magonjwa kumi.

Pembeni yake iandikwe waliopimwa ni wangapi. Nukta ya sifuri ina maana mbili: hakuna malaria, au vipimo viliisha stoo wiki tatu na hakuna aliyepimwa. Nimeona kituo kimepongezwa kwa sifuri ya aina ya pili. Na wapo wanaoishia duka la dawa muhimu, wananunua mseto, wanapona. Hao hawaonekani kwenye kitabu chochote, hivyo mzungumzeni na mwenye duka mjue anauza dozi ngapi kwa mwezi.

Sasa vile vitabu, mzee. Kompyuta ya wilaya inahifadhi jumla: mwezi, ugonjwa, umri, basi. Kitongoji cha mgonjwa kimo kwenye kitabu namba 5 peke yake. Nani alipimwa na nani alikisiwa, imo humo humo. Tarehe ambayo boksi la kwanza la mRDT lilifunguliwa hapo kwenu inaweza kupatikana kwa kutazama tu mwandiko ulipoanza kuongeza "+" na "−" kwenye safu ya maelezo, na tarehe hiyo ndiyo ya kuchora mstari wa wima kwenye mchoro wenu: kushoto kwake ni homa, kulia ni malaria. Vikiungua, hakuna ofisi itakayoweza kuirudisha. Mtu yeyote baada ya miaka ishirini atakayetaka kujua kama malaria ilipanda mlima wenu, na ilianzia kitongoji kipi, ataanzia hapo.

Vina majina na magonjwa ya watu, kwa hiyo visiachwe barazani wala visipewe mtoto wa kufungia karanga. Muombe mganga mfawidhi aandike barua kwa mganga mkuu wa wilaya kuuliza utaratibu wa kuhifadhi na muda wake, kamati iweke muhuri. Wakati mnasubiri jibu, vitolewe stoo kwa mpangilio wa miaka, vifungwe kwa kamba, viwekwe juu ya mbao visiguse sakafu, kwenye chumba chenye kufuli. Kwa mchwa wa Rungwe nisingesahau majivu chini ya zile mbao. Na mkivishika, tafuteni mwaka 2009 hadi 2013 kwanza, mhakikishe hakuna kilichokosekana.